Siku Walipokuja Kumchukua Mdogo Wangu

Wiki iliyopita niliishia ngazini. Mke wangu anashuka na masanduku mawili, mimi nimesimama juu nimeshika kiatu chake kimoja, nikidhani bila kiatu hicho hawezi kwenda mbali. Alikwenda mbali. Alikwenda kwa dada yake na watoto wote wawili, na kiatu ninacho mpaka leo.

Kwa ambaye hakusoma: mimi ni fundi lifti. Sikusomea. Nilijifunza kwa kutazama, na kwa vijitabu vya mitambo ambavyo wenzangu walivifungia karanga. Miaka kumi na minane sikuangusha mtu. Kisha siku moja nililala juu ya paa la lifti, kati ya ghorofa ya tano na ya sita, kwa muda wa saa mbili na nusu, na jengo zima likapanda ngazi. Hakuna aliyeumia. Msimamizi wangu alisema hilo ndilo neno zuri pekee aliloweza kuandika kwenye ripoti.

Nikatolewa kwenye lifti, nikapewa balbu.

Siku ya tatu baada ya kuondoka, mke wangu alinipigia simu.

"Siku za mwizi ni arobaini," akasema. "Na wewe nakupa hizo hizo. Zianze siku utakayokwenda kwa wenzako wanaojaribu kuacha pombe. Ya arobaini nitakuja. Nikikuta hujagusa, na akawepo mtu mmoja wa huko wa kuniambia kwa mdomo wake kwamba huyu ni wetu, tutarudi."

"Na nikigusa?"

"Utabaki na kiatu."

Sasa, mahali pa kunywa hata mgeni wa jana atakuelekeza. Mahali pa kuacha unamwuliza nani? Nilimwuliza muuza baa, kwa kuwa ndiye niliyemjua mwenye kujua walevi wengi. Alifuta kaunta, akafikiri kwa uaminifu kabisa.

"Fundi," akasema, "huko sina mteja."

Kumbe tangazo nilikuwa nalo mwenyewe. Miezi mitatu nyuma nililikuta limebandikwa ndani ya lifti ya jengo la ofisi. Kubandika tangazo ndani ya lifti ni marufuku, na wa kulibandua ni fundi. Nikalibandua. Gundi ilikuwa kali, nusu ya chini ikabaki ukutani. Nikaikwangua kwa bisibisi kama kazi inavyotaka. Nusu ya juu niliitia kwenye mfuko wa ovaroli, maana pipa la taka lilikuwa mbali.

Nikaitoa. "Pombe imeivuruga nyumba yako? Hauko peke yako. Alhamisi, saa kumi na moja jioni, chumba cha juu nyuma ya ukumbi wa mikutano." Chini yake palikuwa na mstari mwingine, lakini huo ulikuwa umekwenda na bisibisi.

Alhamisi nikaenda. Nilikuwa sijagusa tangu jana yake. Mikono ilikuwa haitulii, nikaitia mifukoni, ikaendelea humo humo.

Chumba kilikuwa cha masomo ya jioni. Ubaoni palikuwa na jedwali la kuzidisha la saba, halijafutwa, na saba mara nane walikuwa wameikosea. Viti vya kukunja, birika, vikombe visivyofanana, watu kumi na mmoja. Nilitazama nyuso zao nikitafuta wenzangu. Hakuna jicho jekundu. Hakuna mkono unaotetemeka. Wote walikuwa wamechoka tu, uchovu wa mtu aliyekesha anasikiliza mlango. Nikasema moyoni, hawa wameacha zamani.

Mwenyekiti wao alikuwa muuguzi mstaafu, mama mnene wa polepole, wote wakimwita Sista. Alinipa kikombe cha chai kabla hajanipa kiti.

"Karibu, mwanangu. Wako ni nani?"

"Wangu?"

"Mlevi wako."

Wakadhani naona haya, wakanisaidia.

"Wangu ni mume," alisema mwanamke aliyekuwa na tepu ya kupimia shingoni. Anashona mapazia, na wanamwita Mama Mapazia. "Miaka ishirini na miwili. Usione haya, baba."

"Wangu ni mama mzazi," alisema dereva mmoja wa lori, mtu wa mabega. "Namfungia chumbani, anatoka dirishani. Ana miaka sabini na moja."

Hapo nikaelewa. Hiki hakikuwa chumba cha walevi. Kilikuwa chumba cha watu wa nyumbani kwao. Walevi walikuwa na siku yao, Jumanne, na Jumanne niliikwangua ukutani kwa mkono wangu.

Ningeweza kusimama. Mlango ulikuwa hatua nne nyuma yangu, nilizihesabu. Lakini kikombe cha watu nilikuwa nimeshakishika, kimejaa, na kikombe kilichojaa mtu hakirudishi.

"Wangu ni mdogo wangu," nikasema. "Wa kiume. Mkewe amemkimbia, naishi naye mimi."

Mimi ni mtoto wa pekee.

Nikawaeleza habari zake. Namna alivyomuua mama mkwe wake mara mbili ili apewe ruhusa kazini, na mara ya pili simu ya rambirambi akaipokea mama mkwe mwenyewe. Namna alivyowasahau watoto shuleni, mpaka mlinzi akawarudisha nyumbani kwa miguu, na yeye akamgombeza mlinzi. Sikuongeza hata chembe. Yote yalikuwa kweli, niliyembadilisha ni mwenyewe tu.

Hakuna aliyenikatiza, ndiyo sheria yao. Ukimaliza, wote wanasema kwa pamoja, "Tumekusikia," basi. Hakuna aliyecheka wala kutikisa kichwa. Nilirudi nyumbani nikalala mpaka asubuhi, jambo ambalo lilikuwa halijatokea muda mrefu bila msaada.

Asubuhi nikapiga mstari wa kwanza kwenye kalenda ya ukutani.

Msinione mjanja. Nilikusudia kuulizia Jumanne na kwenda. Lakini Jumanne ilipofika nilijiambia kwamba kule nitaulizwa kama nimekunywa, na huku naulizwa tu hali ya mdogo wangu. Nikangoja Alhamisi.

Na jambo la ajabu ni kwamba dawa yao ilifanya kazi.

"Unamfunika," dereva wa lori aliniambia wiki ya pili. "Akichelewa kazini, nani anapiga simu kusema anaumwa?"

"Mimi."

"Acha! Aseme ukweli mwenyewe."

Kesho yake nikaenda kwa msimamizi.

"Msimamizi, kuna mtu alikuwa na malaria kila Jumatatu."

"Nani huyo?"

"Mimi. Haikuwa malaria."

Msimamizi aliweka kalamu chini.

"Fundi, malaria yako tuliijua wote. Hata mbu waliijua." Kisha akanitazama kidogo. "Umekuja kuomba nini?"

"Siombi kitu. Nimeambiwa niseme."

"Haya. Umesema. Balbu za ghorofa ya nne zinakusubiri."

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Mama Mapazia. "Usimtafutie chupa anakozificha," akasema. "Utachoka bure, mlevi ana akili kuliko panya. Mwambie azitoe yeye." Nikarudi nyumbani, nikajiambia, nikazitoa. Zilikuwa saba. Moja ilikuwa ndani ya buti la mvua ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelitafutia mwenzake mwaka mzima.

Siku ya ishirini na mbili, Alhamisi ya nne, nilisema mdogo wangu hajagusa wiki tatu. Chumba kizima kilifurahi kama kimezaa. Mama Mapazia alifuta macho kwa ncha ya tepu yake.

"Mabega yake ni kama yako?" akauliza. "Namshonea shati."

"Ni haya haya."

Akanipima hapo hapo.

Sista akaweka kikombe chini. "Mwanangu, huyu yuko tayari. Tutamsindikiza."

Sikulijua hilo. Dereva akanieleza. Mlevi wa mwanachama akionekana yuko tayari, watu wawili wa chumba hiki huenda kwake Jumanne, wakatembea naye kwa miguu mpaka kwa wenzake, mpaka kwenye kiti. Njiani hawataji pombe. Na lazima wawe wawili. Mmoja anaweza kubembelezwa, na watatu wanaonekana kama polisi.

"Ana haya sana," nikasema.

"Wote wana haya."

"Tena amesafiri."

"Anarudi lini?"

Hapa ndipo utaratibu wangu uliponiangusha. Mtu mwingine angesema mwezi ujao. Mimi nikiulizwa swali la tarehe natoa jibu la tarehe.

"Jumatatu," nikasema.

"Basi Jumanne," akasema Sista. "Saa kumi na nusu."

Siku tano nilizotembea na jambo hilo kifuani sitazieleza. Mwisho nikaamua kusema kweli. Nikaandika sentensi tatu kwenye karatasi. Ya kwanza: Sina mdogo. Ya pili: Mlevi ni mimi. Ya tatu: Nisindikizeni mimi. Nikazisoma kwa sauti mpaka zikaacha kunikwama. Jumanne, siku ya ishirini na saba, saa tisa na nusu nilikuwa nimeoga, nimevaa, karatasi iko kwenye mfuko wa shati.

Saa kumi kasoro robo mlango ukagongwa. Nikasema wamewahi.

Alikuwa Spika.

Spika ni dalali wa minada. Tumekunywa pamoja miaka tisa. Jina hilo alipewa baa, kwa sababu akifika glasi ya tatu husimama na kutuhutubia, na akifika ya tano hututoa nje ya ukumbi kwa utovu wa nidhamu. Alikuwa ameshapita ya tano. Chupa ilikuwa kwapani.

"Mheshimiwa Fundi!" akasema. "Wiki nne huonekani. Nimekuja kuuliza swali la nyongeza."

"Spika, leo hapana. Nina wageni."

"Wageni nawapenda."

Akaingia, akaweka chupa juu ya meza, akaketi kwenye kochi, akalala. Nilimvuta mkono, nikamvuta mguu. Kumwinua mtu aliyelewa ni kama kuinua lifti kwa mkono: inawezekana, lakini kuna utaratibu wake na unahitaji muda.

Muda sikuwa nao. Saa kumi na nusu kamili wakagonga, Sista na Mama Mapazia, wanahema. Tunakaa ghorofa ya tatu na jengo letu, mimi fundi lifti, halina lifti. Mama Mapazia alikuwa na shati mkononi, limepigwa pasi.

Walitazama kochi.

"Ndiye?" akauliza Sista kwa sauti ya chini.

Karatasi ilikuwa mfukoni. Sentensi ya kwanza ina maneno mawili tu.

Nikawapisha waingie.

"Ameanguka tena maskini," akasema Mama Mapazia. "Si kosa lako, baba. Hutokea."

Alimwinua Spika kama anavyoinua pazia, akamvisha shati juu ya lake. Spika ni mfupi. Mikono ya shati ilimeza vidole vyake.

"Ulisema mabega ni haya haya," akaniambia.

"Yalikuwa," nikasema.

"Pombe inamaliza mtu," akasema, akamkunjia mikono ya shati vizuri.

Spika akafumbua macho. Aliona akina mama wawili wamevaa kiheshima wanamtazama kwa huruma, akanyooka.

"Tunakwenda wapi?"

"Kuna watu wanataka kukusikiliza," akasema Sista.

"Wangapi?"

"Kama kumi na watano."

"Wamekaa au wamesimama?"

"Wamekaa."

"Twendeni," akasema Spika.

Wakamweka katikati, wakashuka naye ngazi moja moja. Mlangoni Sista aligeuka, akanishika shavu. "Wewe kaa upumzike. Leo mzigo ni wetu."

Wakaenda. Nikafunga mlango. Nikageuka.

Walimchukua mtu, wakaacha chupa.

Ndugu msomaji, wiki zote hizi nimekuambia mabaya yangu bila kuyapaka rangi, na hili sitalipaka. Nilikaa mbele yake nusu saa. Niliitoa ile karatasi, nikasoma sentensi zangu tatu, nikaziona hazina pa kwenda tena. Kisha nikanywa. Ilikuwa imebaki robo tatu. Niliimaliza kabla jua halijazama, nikaosha glasi, nikaipangusa, nikairudisha kabatini.

Asubuhi nilipiga mstari wa siku ya ishirini na saba kama kawaida. Katika mistari yote ya ile kalenda, huo ndio ulionyooka zaidi.

Tangu siku hiyo sijagusa. Lakini hilo nalisema na halina uzito, kwa kuwa kalenda ilikuwa imeshasema uongo.

Alhamisi walinipokea kwa vigelegele vya chini chini, vinavyofaa chumba cha masomo.

"Mdogo wako amewashinda wote!" akasema Mama Mapazia. "Amezungumza dakika arobaini. Mwenyekiti wa Jumanne alimwomba apumzike, akasema, nakataa hoja hiyo. Halafu akalia. Halafu wote wakalia."

"Mzungumzaji tangu utoto," nikasema. Nilijisikia nikisema.

"Na ameahidi kurudi."

Nilidhani ni ahadi ya Spika. Nilizijua. Lakini Jumanne iliyofuata Spika alikwenda, hakusindikizwa, na shati alikuwa amelipunguza mikono kwa fundi cherehani. Hajagusa wiki nzima. Alhamisi nilipewa habari zote na chai, kwa kuwa mimi ndiye kaka mtu.

Siku hiyo hiyo nikamwomba Sista jambo langu. Nikamwambia mke wangu anakuja Jumatatu, ana shaka na mahali ninapokwenda, angependa mtu wa hapa amwambie kwa mdomo wake kwamba mimi ni wenu.

"Hilo tu?" akasema. "Nitakuja saa kumi jioni. Nitamwambia kama ulivyo: hujakosa hata Alhamisi moja."

Angesema kweli yake yote. Ndicho kilichonitia hofu, kwamba hata uongo wangu sasa ulikuwa unasemwa na watu wa kweli.

Kesho yake, Ijumaa baada ya kazi, Spika akanijia. Aligonga mlango. Miaka tisa sikuwahi kumsikia akigonga mara mbili tu na kungoja. Alikuwa amenyoa.

"Fundi," akasema, "wale akina mama walinijia mimi?"

"Ndiyo."

"Usinidanganye. Mimi ni dalali. Miaka thelathini nimeuza vitu vya watu. Kitu cha mtu mwingine nakijua nikikishika tu. Walikuwa wananiita mdogo wako."

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, na alipoona nimemaliza akasema, "Nimekusikia." Wamemfundisha upesi.

"Kwa hiyo kile kiti ni chako," akasema.

"Kaa tu."

"Nimekaa. Nimekipenda. Nataka nikuambie njoo, lakini naogopa. Ukija wewe, mimi si mdogo wako tena. Nikiwa si mdogo wako, ni nani? Mlevi aliyeokotwa kwenye kochi. Watanifukuza."

"Hawafukuzi mtu pale."

"Umejuaje? Hujawahi kufika."

Nikamchemshia chai. Alikunywa mpaka chini, akasimama, akakaa tena.

"Na Jumanne kuna jambo limetokea," akasema. "Linakuhusu."

"Jambo gani?"

"La chumbani hubaki chumbani."

"Spika, mimi na wewe!"

"Fundi," akasema kwa upole, "ningekuwa bado nakunywa ningekuambia."

Jumamosi na Jumapili nilisafisha nyumba. Nilipangusa hata juu ya makabati, mahali ambapo mke wangu hafiki lakini anajua. Jumatatu, siku ya arobaini, niliomba ruhusa kazini bila kumuua mtu. Mke wangu nilimtarajia saa kumi jioni, wakati mmoja na Sista.

Alikuja saa nne asubuhi.

Nilijua hatua zake tangu ghorofa ya kwanza. Aliingia peke yake, hana mzigo, akasimama katikati ya sebule. Alikuwa amepungua. Nilimwambia karibu, mama watoto, kaa. Hakukaa.

"Watoto wako shuleni," akasema. "Dereva wa teksi yuko chini na mizigo. Nimemwambia asishushe bado."

Nikachukua hatua kuelekea mlangoni.

"Ngoja kwanza, baba watoto. Jumanne iliyopita nilikwenda huko."

"Huko wapi?"

"Huko unakokwenda. Dada yangu ana tangazo lao zima. Nilisema nisingoje siku ya arobaini kama hakimu, niende nikamwone mume wangu amekaa na wenzake, nimtie moyo. Nilinunua na biskuti." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Nikauliza, fundi lifti yupo? Wakatazamana. Wakasema hatumjui. Nikarudia, mrefu, ana kovu la nyaya kiganjani. Hatumjui, mama. Nikawa nageuka. Akasimama Spika wako yule, amevaa shati kubwa, akasema, yeye hayupo ila mimi ni mdogo wake. Nikamwambia mume wangu hana mdogo. Akaniambia, najua, shemeji, lakini kaa kwanza."

"Ukakaa?"

"Nilikaa. Nilikuwa na biskuti."

Nikakaa na mimi, kwenye lile kochi.

"Hakunieleza habari zako," akasema. "Nilimbana mpaka mlangoni, akasema la chumbani hubaki chumbani. Ila alipofika zamu yake alisema siku zake. Alisema ana siku saba. Leo atakuwa na kumi na tatu. Sasa nauliza wewe. Mdogo wako ana kumi na tatu. Wewe yako ni ya ngapi?"

Kalenda ilikuwa nyuma yake. Mistari thelathini na tisa, na nafasi ya arobaini ikingoja. Saa kumi Sista angekuja, angemshika mkono, angesema huyu ni wetu. Ningeshinda. Ningekuwa na ushahidi wote unaotakiwa.

"Kumi na tatu," nikasema.

Aligeuka akaitazama kalenda. Akanigeukia.

"Kumi na tatu."

"Ndiyo."

"Ulikunywa naye?"

"Baada yake. Walipomchukua aliisahau chupa."

"Yote?"

"Robo tatu. Nyingine alikuwa ameshapunguza yeye."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Wewe."

Alitoa leso kwenye mkoba, akaikunja, akairudisha bila kuitumia.

"Nimepanda ngazi hizi nikijua utasema arobaini," akasema. "Nilikuwa nimeshapanga la kukujibu. Neno kwa neno. Dada yangu amenisikiliza nikilisema kwenye gari."

"Na kumi na tatu?"

"Hiyo sikuipanga."

Chini dereva alipiga honi, mara moja, fupi, kama mtu anayeuliza.

"Nije nikusaidie?" nikasema.

"Kaa hapo hapo."

Akatoka. Mlango aliuacha wazi. Nilisikia hatua zake mpaka chini, nikasikia sauti yake na ya dereva, maneno siyasikii. Dirisha letu linatazama ukuta wa jirani.

Kisha nikasikia buti la gari likifungwa.

Mimi kwa sikio tu naweza kukuambia lifti imebeba watu wangapi. Lakini buti la gari, ukiwa ghorofa ya tatu, huwezi kujua kama limefungwa tupu au limejaa.